Fukiza Kidogo, Usifiwe Sana

Unataka mgeni akivuka kizingiti chako asimame kidogo, avute pumzi, aseme, "Jamani, nyumba hii inanukia!" Wala si dhambi. Kila mwenye nyumba anapenda nyumba yake isifiwe, nami nataka yako isifiwe. Ninachokuahidi ni kwamba utazipata sifa hizo bila kukohoa, bila kuunguza zulia na bila kumaliza jioni nzima ukipuliza makaa. Sogea nikunong'oneze: kwenye kufukiza majani, mvivu humshinda mwenye bidii. Mwenye bidii hurundika majani, huchochea moto, hufunga madirisha ili "dawa" isitoke, halafu nyumba nzima inatokwa na machozi. Mvivu hutia kiganja kimoja cha majani, huzima moto mapema, na nyumba yake hunukia mpaka kesho yake. Uvivu huo unafundishika.

Hatua ya 1: Usinunue

Mitandaoni utaona vifurushi vya majani ya kijivu-cheupe, vimefungwa kwa uzi wa rangi, vikiuzwa kwa bei ya kukutoa jasho. Hiyo ni seji nyeupe, Salvia apiana, mmea wa vilima vikavu vya kusini mwa California na Baja California nchini Mexico. Kwa wenyeji wa asili wa huko, Wachumash miongoni mwao, jani hilo ni la ibada na lina adabu zake. Marekani ilikuja kupitisha sheria ya kulinda uhuru wao wa kuabudu mwaka 1978, baada ya vizazi vilivyoona mila zao zikizuiwa kwa amri za serikali. Leo biashara imeingia, na watu wanaukata mmea huo porini kwa magunia bila ruhusa ya mtu. Usiitie pesa yako humo. Jani la watu waachie wenyewe, maana wewe una la kwako, tena la bure.

La kwako ni kivumbasi. Utakikuta pembeni mwa njia, kwenye mipaka ya mashamba, nyuma ya jikoni kwa bibi yeyote anayejua mambo yake. Kina majani madogo ya kijani kilichofifia, yenye vinyweleo laini. Lifikiche jani moja kati ya kidole gumba na cha shahada, halafu nusa. Harufu inapanda mpaka kwenye paji la uso, kali na baridi, kama umefungua kopo la dawa ya kuchua. Si ajabu, kwa sababu aina mojawapo ya kivumbasi, Ocimum kilimandscharicum, imejaa kafuri. Wakulima wanaoishi kando ya msitu wa Kakamega, Kenya, hukilima, hukamua mafuta yake kwa mvuke na kuyatumia kutengenezea dawa ya kuchua iitwayo Naturub. Jani linaloendesha mradi wa kijiji kizima halishindwi na sebule yako.

Huna mche? Omba. Hakuna jirani anayemnyima mtu kivumbasi. Kata kitawi cha urefu wa shibiri, toa majani ya chini, kisimamishe kwenye glasi ya maji penye mwanga. Mizizi itachomoza yenyewe wakati wewe unafanya mengine. Wengine wa ukoo mmoja nacho wanafaa pia, hasa mrehani. Mchaichai unafaa. Mkaratusi unafaa sana, na ule wenye harufu ya limau ndio bingwa wao. Chukua jani lake changa, liinue juu ya mwanga wa jua, utaona vitone vidogo vinavyong'aa ndani yake. Hivyo ni vifuko vya mafuta, na kazi yetu yote iliyobaki ni kuvipasua kwa upole.

Onyo moja tu kabla hatujawasha kitu: usifukize jani usilolijua kwa sababu tu maua yake ni mazuri. Oleanda, kile kichaka cha maua ya waridi na meupe kinachopendwa kwenye nyua za mijini, ni sumu hata moshi wake.

Hatua ya 2: Jani lisiungue

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Watu husema "kuchoma majani", wakachoma kweli. Wanatupa tawi juu ya makaa mekundu, linapasukapasuka, linatoa wingu zito la manjano, nao wanaona kazi imefanyika kwa sababu wanaona wingu. Lakini harufu uliyoipenda ulipolifikicha jani imo kwenye mafuta yake, na mafuta hayo huruka yakipata joto tu, kabla jani lenyewe halijashika moto. Likishaungua, yaliyobaki yameungua nalo, na unachovuta ni moshi wa kawaida wa majani, wenye masizi na gesi zilezile ambazo ungezipata ukichoma gazeti la jana. Umekuwa na mrehani, ukamaliza na gazeti.

Wazee wengi wanalijua hili kwa vitendo. Nyumba nyingi huweka kigae juu ya makaa, na majani juu ya kigae. Watafiti nao walilipima. Mwaka 2002 yalichapishwa majaribio ya magharibi mwa Kenya yaliyolinganisha kuchoma majani moja kwa moja na kuyapasha moto juu ya bati, ndani ya vibanda vya majaribio vyenye mbu aina ya Anopheles gambiae, waenezaji wakuu wa malaria. Kuyapasha moto kulishinda kuyachoma. Mkaratusi wa limau na vivumbasi vilikuwa miongoni mwa yaliyofanya vizuri.

Sasa njia yako ya mkato. Chukua kikaango kikuukuu cha chuma, kikavu, kisicho na mafuta. Kiweke jikoni juu ya moto mdogo wa gesi. Tia kiganja kimoja cha majani uliyoyafikicha. Simama hapo hapo, usiende kujibu simu. Muda si mrefu majani yatalegea, yatajikunja kingo, na mvuke mwembamba utaanza kupanda. Unakaribia kutouona, lakini utausikia puani. Kishike kikaango kwa kitambaa, zunguka nacho vyumbani taratibu, pita nyuma ya milango na chini ya mapazia. Kingo zikianza kugeuka rangi ya kahawia, rudi jikoni, zima. Ukiona nyeusi, umechelewa.

Ni hivyo tu. Muda wote huo haufiki wa kuchemsha chai ya maziwa.

Majani makavu yanafaa pia, ila yaanike kivulini. Jua kali la juu ya bati hurusha mafuta yote kabla hujafukiza chochote, ukabaki na majani matupu. Yatandaze kwenye ungo ndani ya chumba chenye hewa, mpaka yavunjike ukiyashika, kisha yatie kwenye kopo lenye kifuniko. Yakizidi, yachanganye na mahindi au maharagwe ya akiba, kama wafanyavyo wakulima wengi kuzuia wadudu wa ghalani. Mkulima atakuheshimu kwa hilo kuliko kwa manukato yote.

Hatua ya 3: Kama lazima uwe na chetezo

Najua unakitaka. Chetezo kinapendeza, hasa kile cha udongo chenye miguu au cha shaba kilichochongwa, na mgeni akikiona anajua yumo kwenye nyumba ya watu wenye kwao. Kinunue. Kiweke sebuleni mahali pa kuonekana, kikiwa na jivu kidogo ndani. Hakihitaji kuwaka ili kikupatie sifa, nusu ya kazi kinaifanya kikiwa kimepoa.

Siku utakayokiwasha, fanya kwa mpango. Vile vidonge vya makaa vya dukani, vya duara, hushika kwa njiti moja ya kiberiti kwa sababu vimetiwa shura. Ndiyo maana hutoa cheche na harufu kali mwanzoni. Viwashie nje, uvishike kwa koleo, usubiri cheche ziishe na uso wote uote jivu jeupe. Hapo ndipo uviingize ndani. Kisha tandaza kijiko cha jivu juu ya kaa kabla ya kuweka majani. Jivu hupunguza ukali wa moto, jani likapata joto bila kuungua. Wanaofukiza udi wa bei hulinda vipande vyao hivyohivyo, na wana haki, kwa pesa walizotoa. Chini ya chetezo weka sahani yenye mchanga, maana kikipinduka zulia haliponi.

Na hapa nakuomba usinifanyie mchezo. Makaa yanayowaka, hata kipande kidogo, hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu wakiwa usingizini. Mrehani wako hautakuonya, maana utaendelea kunukia vizuri tu. Acha dirisha wazi wakati wote chetezo kinapowaka, na usilale nacho chumbani hata kama kinaonekana kimezimika. Kitoe nje, kimwagie maji. Kama unaishi kwenye ghorofa la London au Toronto na dari lina kifaa cha kunusa moshi, rudi kwenye kikaango na moto mdogo. Usikizibe kile kifaa kwa mfuko wa plastiki ili ufukize kwa raha. Kimewekwa kwa ajili yako wewe.

Moshi si kitu cha kubeza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa kupikia majumbani ulichangia vifo milioni 3.2 duniani. Wengi wetu tumekulia ndani ya moshi huo, na mama zetu wamepikia humo miaka yote. Usiwaongezee mwingine kwa jina la afya. Mwenye pumu akiwemo ndani, au mtoto mchanga, fukiza akiwa nje na umrudishe hewa ikishatulia. Mwenye kasuku amtoe kasuku, kwa sababu mapafu ya ndege ni mepesi kudhurika kuliko yako.

Hatua ya 4: Fukiza nguo, achana na hewa

Hii ndiyo siri kubwa, na imekaa wazi miaka yote kwenye nyumba za Waswahili.

Hewa haikai. Unaifukiza saa kumi, saa kumi na nusu imeshatoka dirishani na harufu yako yote. Nguo inakaa. Wanawake wa Unguja, Lamu na Mombasa hupindua tenga juu ya chetezo, wakatandaza nguo juu yake, moshi ukapenya kwenye nyuzi, na mvaaji akanukia sherehe nzima hata akicheza mpaka alfajiri. Wewe iga hivyo kwa matumizi ya nyumba. Chukua khanga moja ya pamba, inyunyizie marashi kidogo iwe na unyevu, itandaze juu ya tenga, na chetezo chini yake kikiwa na kaa moja lililofunikwa jivu. Kaa karibu muda wote huo. Isiwe kitambaa cha nailoni, hicho huyeyuka na hushika moto upesi.

Halafu itundike khanga hiyo nyuma ya mlango wa mbele.

Kila mlango ukifunguliwa, kitambaa kinapepea na kutoa harufu, pale pale mgeni anaposimama kuvua viatu. Utafukiza mara moja na kusifiwa siku kadhaa. Foronya za mito ya sebuleni zinafaa vilevile. Mgeni anaegemea, harufu inapanda, anageuka kutafuta chetezo na anakikuta mahali pake kimepoa, kimetulia. Mwache ashangae.

Hatua ya 5: Usiiamini pua yako

Pua huzoea. Kaa ndani ya harufu kwa dakika chache na hutaisikia tena, ingawa imejaa mpaka darini. Ndiyo sababu mtu anaongeza majani, anaongeza tena, huku akilalamika kwamba kivumbasi cha siku hizi hakina nguvu, na mgeni akiingia anashika kifua. Dawa yake ni kutoka nje. Nenda uani, anua nguo, zungumza na jirani, urudi ndani kama mgeni. Ukiisikia harufu mlangoni, inatosha. Ikikugonga usoni, fungua madirisha yote.

Na kabla ya yote hayo, toa takataka. Kufukiza hakuondoi harufu ya samaki wa jana, kunaongeza tu nyingine juu yake, na samaki mwenye mrehani ni mbaya kuliko samaki mtupu. Osha sinki, mwaga maji ya ndoo, piga deki, acha upepo upite. Nyumba iliyopigwa deki vizuri inahitaji nusu ya majani, na kuna siku utagundua haihitaji kabisa.

Hatua ya 6: Ahidi kidogo

Mbu wakipungua barazani wakati wa magharibi, furahi. Majani yanasaidia kweli, na ndiyo maana watu wa pwani na wa bara wameyatumia tangu zamani. Lakini nguvu yake hudumu wakati joto na harufu vipo. Vikiisha, mbu hurudi, na mbu wa malaria ana kawaida ya kuuma usiku wa manane, wakati wewe umelala na kikaango kimepoa. Kwa hiyo chandarua kinabaki palepale. Mtoto akipata homa, apelekwe kupimwa malaria siku hiyohiyo. Usimfukize ukasubiri.

Usichanganye pia kufukiza nyumba na kujifukiza. Mwaka 2020 na 2021 Watanzania wengi walijifunika mablanketi juu ya nyungu za mkaratusi, mchaichai na malimao kwa sababu ya Korona. Ule ulikuwa mvuke wa maji. Unalegeza pua iliyoziba, haumalizi virusi, na maji yake ya moto yameunguza watu. Moshi ni kitu kingine kabisa. Asikuambie mtu ujifunike blanketi na chetezo.

Kuna tarakimu moja utakutana nayo: eti moshi wa seji nyeupe huua asilimia 94 ya bakteria hewani. Usiirudie mbele ya watu, atatokea mmoja anayejua. Tarakimu hiyo inatoka kwenye utafiti wa India uliochapishwa mwaka 2007, na kilichochomwa kilikuwa mchanganyiko wa kuni na mimea ya dawa unaotumika kwenye ibada za Kihindu, ndani ya chumba kilichofungwa kwa saa nzima. Seji haikuwemo. Na chumba ulichokijaza moshi saa nzima hukikalii, uwe umeua bakteria au hukuua.

Sema unalolijua. Sema harufu hii inakutuliza, kwa sababu inakutuliza kweli. Kuna dakika zile chache ambapo umesimama juu ya kikaango, simu iko mbali, huwezi kufanya lingine lolote isipokuwa kutazama kingo za majani zisigeuke nyeusi, na kila pumzi inakuletea uani kwa bibi. Mtu anayepata dakika hizo kila jioni ana afya kuliko alivyokuwa asubuhi. Hilo nitalitetea mbele ya daktari yeyote.

Hatua ya 7: Wifi akiuliza

Maana atauliza. Ataketi, atanusa, atazungusha macho akitafuta kasoro, atazikosa, kisha atasema kwa sauti ya chini:

"Wifi, hivi wewe unafukiza nini humu?"

Usimfiche. Mwambie, "Kivumbasi tu, wifi yangu, kile cha uani." Hataamini. Atadhani una udi wa Oman kabatini na unambania. Mchukue mkono mpaka uani, fikicha jani moja mbele ya pua yake, mkatie vitawi viwili, uvifunge kwenye karatasi yenye unyevu visinyauke njiani. Mweleze habari za kikaango na moto mdogo, mkazanie habari za dirisha, na umuulize kwanza kama kuna mwenye pumu kwake. Ila habari ya khanga ya nyuma ya mlango usimpe leo. Mpe safari ijayo, vitawi vikishaota.